MAMBO YA NYUMBANI: Mboga ya Lupango na Sumu Mbili

Jambo kwako mama unayesoma ukurasa huu karibu na mbabula, jambo kwako baba uliyetoka kazini, jambo kwako kijana uliyetumwa kuchuma matembele nyuma ya nyumba. Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu tunachokula kila siku bila kukifikiri: mboga.

Hapa kwetu bukari peke yake si chakula. Mtoto akifika kutoka masomo anauliza: “Mama, leo tunakula bukari na nini?” Jibu ni sombe, ao lengalenga, ao matembele, ao ngai-ngai. Siku ya feza kidogo ni ndakala ao bitoyo. Nyama ni ya siku kubwa. Kwa hiyo mboga za majani ndizo zinalisha jamaa nyingi. Je, tunazijua vizuri?

Kwanza tukumbuke kwa nini lupango zetu zimejaa mboga. Wazee wa kambi wanajua habari hii. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, mfanyakazi alipokea posho: bunga ya mahindi na vyakula vingine. Bibi wa mfanyakazi alilima kwa kuongeza tu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kila mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka, na mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 50 000. Mishahara ilichelewa, posho ikapotea. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliacha kazi kwa ule mpango wa kuondoka kwa mapenzi.

Nani alilisha watoto wakati ule? Jembe la mama. Watu walilima kando ya mito, walilima kando ya njia ya treni, walilima mpaka kwenye mlango wa nyumba. Kazi ile ilikuwa ya heshima, na leo iko vile vile ya heshima. Mara nyingi Zambia ikifunga mpaka kwa mahindi, bei ya mfuko wa bunga inapanda mara moja hapa kwetu. Mwenye mboga nyuma ya nyumba anapumua kidogo.

Sasa nitakuambia jambo la pili, na usikimbie. Katika mji wa migodi, chungu cha mama kinaweza kuingiliwa na sumu mbili. Sumu ya kwanza bibi zetu wa zamani waliijua, na walijua kuishinda. Sumu ya pili hawakuifundishwa, na moto hauiwezi. Watu wengi wanafikiri sumu zote zinakwisha kwa kupika. Hapana.

SUMU YA KWANZA: ILE YA MUHOGO

Majani ya muhogo na mizizi yake, zaidi ile michungu, yana sumu inayoitwa sianidi. Mungu ameipa mimea silaha yake, kusudi wadudu wasiimalize. Lakini katika jani bichi sumu ile imefungwa. Jani likipondwa, maji mawili ya ndani yanakutana, sumu inafunguka, na moto unaiondoa pamoja na mvuke.

Unaona sasa kwa nini bibi yako alitwanga sombe mpaka jasho linatoka? Si kwa kulainisha tu. Mtu akikata majani kwa kisu makubwa-makubwa na kuyatia mara moja katika maji ya moto, moto unaua kile kitu kinachofungua sumu, na sumu nyingine inabaki imefungwa ndani. Kwa hiyo twanga vizuri kwanza, ao pitisha kwa mashini ya kusaga. Kisha chemsha kwa muda mrefu, na mwanzoni usifunike chungu, kusudi mvuke utoke inje.

Na muhogo mchungu? Loweka katika maji siku tatu ao zaidi mpaka ulainike, kisha uanike. Usifupishe siku kwa sababu ya haraka ya soko. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo. Miguu ya mgonjwa inakazana ghafula, na hairudi kuwa kama zamani. Ugonjwa ule unafika mahali watu wanakula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, bila chakula kingine cha nguvu kama maharagi ao samaki. Desturi ya kuloweka ni dawa. Tusiitupe.

SUMU YA PILI: ILE YA MADINI

Udongo wa Katanga una shaba tangu kuumbwa. Kuna vilima ambavyo miti haitaki kuota, lakini ua moja dogo la rangi ya urujuani linastawi pale. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, na watafuta-madini walilitumia kujua mahali shaba iko. Mimea inasema ukweli kama tukiiangalia.

Lakini madini ya ndani ya ardhi ni jambo moja, na madini yaliyotolewa, yakasagwa na kuchomwa ni jambo lingine. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911. Upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikwenda miaka mingi upande wa kaskazini-magharibi, na vumbi likashuka juu ya udongo wa mitaa ya kule. Katika Likasi na Kolwezi pia kuna vumbi la magari ya mizigo, kuna maji yanayotoka mahali pa kuosha madini, kuna milima ya mabaki.

Katika vumbi lile kuna shaba, kobalti, risasi, kadimi. Risasi inaharibu akili ya mtoto anayekua, hata ikiwa kidogo. Kadimi inakaa katika figo. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, wana kobalti nyingi katika mkojo kuliko watu wa mbali. Na watoto walikuwa na nyingi kuliko watu wazima. Kwa nini watoto? Kwa sababu wanacheza chini, wanatia mikono kinywani, na mwili wao ni mdogo.

Pengine umesikia habari ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Mwaka 2014 watu walipata madini ya kobalti chini ya lupango. Kwa muda mfupi watu walichimba mashimo kati ya nyumba, na hata ndani ya nyumba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wa pale walikuwa na kobalti mara 10 hivi katika mkojo kuliko watoto wa mahali pengine. Sitahukumu mtu mwenye njaa aliyeona feza chini ya miguu yake. Lakini ujue hesabu nzima: shimo linatoa feza mara moja, na vumbi linabaki na mtoto.

BASI TUACHE KULIMA?

Kijana mmoja aliniuliza hivi: “Pasta, kama udongo iko na sumu, heri tununue mboga ku soko, njo vile?” Ni ulizo zuri. Lakini mboga ya soko nayo imelimwa wapi? Pengine kando ya mto ule ule. Na mtoto asiyekula majani ya kijani anaugua kwa njia nyingine: damu inapunguka, macho yanadhoofika, tumbo linavimba kwa bukari tupu. Tusiache kulima. Tulime kwa akili. Fuata mambo haya:

1. Chagua mahali. Usilime kando ya njia ya magari ya madini, wala chini ya mlima wa mabaki, wala katika bonde linalopokea maji ya kiwanda. Weka vitanda vya mboga nyuma ya nyumba, mahali upepo haufiki sana. Panda muembe ao uzio wa miti kati ya njia na bustani, kusudi majani yake yashike vumbi.

2. Kama udongo wa lupango ni mbaya, lima juu yake. Inua kitanda kwa udongo wa pori la mbali, ao udongo wa kichuguu cha mbali na migodi. Unaweza kupanda katika beseni iliyotoboka ao katika mfuko wa mchele. Lakini mfuko uliobeba madini, hapana! Vile vile bidoni iliyobeba asidi ya kiwanda isiwekwe maji, wala mafuta, wala bunga, hata ukiiosha mara kumi.

3. Lisha udongo. Majani makavu, maganda, majivu kidogo na mavi ya kuku yaliyooza vizuri yanasaidia mboga na yanashika madini kidogo. Chokaa pia inapunguza uchungu wa udongo, na hapo mizizi inanyonya shaba na kadimi kidogo zaidi. Waalimu wa kilimo wa Lubumbashi wamejaribu njia hizi katika udongo wa mji. Zinapunguza, hazimalizi.

4. Angalia maji. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, kila mtu anamwagilia. Usichote mahali penye kushuka maji ya kuosha madini. Na usidanganywe na macho: maji yanaweza kuwa meupe na kubeba madini.

5. Chagua mmea. Majani kama lengalenga yanapokea madini mengi. Matunda na mbegu yanapokea kidogo: mahindi, maharagi, maboga, dongo-dongo. Kwa hiyo katika lupango yenye mashaka panda vile, na majani uyapande katika udongo uliouleta. Lengalenga haichelewi, ndani ya wiki nne hivi unachuma.

6. Osha. Osha majani mara tatu katika maji safi, na yale ya kwanza uyatupe mbali na bustani. Osha mbele ya kukata na kutwanga, si nyuma. Vumbi la juu linaondoka kwa maji. Lile lililonyonywa na mizizi haliondoki, wala kwa maji wala kwa moto. Ndiyo sababu namba 1 mpaka 5 zinatangulia.

7. Linda nyumba. Baba anayetoka mgodini, ao kijana anayechimba, aache viatu na nguo za kazi inje ya mlango. Nguo zile zifuliwe peke yake. Mifuko ya madini isilale katika chumba cha watoto. Mbele ya kufagia, nyunyiza maji kidogo, kusudi vumbi lisiruke juu ya vyombo. Mtoto anawe mikono mbele ya kula. Kuku wale wasichakure mahali pa mabaki, kwa sababu mayai nayo yanapokea risasi.

CHUNGU CHA GILGALI

Katika 2 Wafalme sura 4 tunasoma habari ya njaa kule Gilgali. Mtu mmoja alikwenda shambani kutafuta mboga, akakuta matango ya pori, akayakata na kuyatia chunguni bila kuyajua. Nia yake ilikuwa njema: alitaka wenzake wale. Waliposikia ladha, walipiga kelele kwamba chakula kile ni kifo. Elisha hakumtukana aliyepika. Hakusema walale njaa. Aliomba bunga, chungu kikaponywa, watu wakala.

Ninapenda jambo hili: watu wale walisema. Kama wangenyamaza kwa heshima ya mpishi, wangekufa kwa heshima. Na sisi tuseme. Wamama wa bustani waende pamoja kwa mkubwa wa mtaa na kuuliza: maji haya yanatoka wapi? Udongo huu umepimwa? Matokeo iko wapi? Kanisa na lisimame pamoja nao, kwa sababu mtu mmoja akiuliza wanamwita mgomvi, lakini watu makumi tano wakiuliza wanapewa kiti.

Na wewe kijana, usidharau jembe kwa sababu rafiki yako amepata simu mpya kwa kuchimba. Adamu aliwekwa bustanini kuilima na kuitunza. Kazi zile mbili zinakwenda pamoja. Katika nchi yetu wengi wamejua kutoa vitu katika ardhi, wachache wamejua kuitunza.

Basi mama, leo jioni twanga sombe yako vizuri, chungu kikiwa wazi. Na kesho asubuhi, mbele ya jua kali, tembeeni wote kuzunguka lupango na kuangalia.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

– Upepo unaofika kwetu unatoka upande gani, na unapita juu ya nini?

– Maji tunayomwagilia yametoka wapi?

– Viatu vya kazi vinalala wapi usiku?

– Ni mmea gani tunaweza kuhamisha mbele ya mvua ya mwezi wa kumi na moja?

Mungu abariki jembe lenu na meza yenu.