Mara Hamsini ya Nini?

Mwaka jana nilialikwa, kama wanavyoalikwa wazee kuja kujaza viti vya mbele, kwenye semina ya walimu wa kompyuta mjini Shinyanga. Mtoa mada alikuwa kijana nadhifu mwenye lugha tamu. Alituonyesha ukutani nguzo mbili, moja fupi kama kigoda, nyingine ndefu kama mnara wa simu. Ile fupi, alisema, ni lugha ya Python kama tunavyoitumia mashuleni, inayokalimaniwa hatua kwa hatua. Ile ndefu ni mtambo unaoifasiri programu papo hapo, wakati ikiwa inakwenda. “Mara hamsini!” akasema, na walimu wakapiga makofi. Kwa kuwa mtambo huo unataka kumbukumbu kubwa kuliko ya kompyuta zetu kuukuu, alishauri kompyuta zibadilishwe. Kabla ya chai, mkuu wa shule moja ya kata, ambayo sitaitaja, alikwishalitaja fungu la fedha: michango ya wazazi ya kumalizia maabara ya kemia.

Mimi sikupiga makofi. Si kwamba nachukia maendeleo. Mtu wa rika langu anakumbuka kuwa mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na wengi wetu tukaja kuigusa mashine hiyo tukiwa tayari na mvi. Sina hamu ya marufuku nyingine. Ugomvi wangu ni na kipimo.

Ndugu msomaji ambaye hukusomea mambo haya, mfikirie mkalimani wa kanisani hapa Usukumani. Padre anasema sentensi, mkalimani anaigeuza kwa Kisukuma, padre anaendelea. Kazi inaanza mara moja, lakini hata sala iliyorudiwa mara arobaini itageuzwa mara arobaini. Mfasiri, kwa upande wake, hukaa chumbani miezi kadhaa akaandika kitabu kizima, na siku ya ibada watu husoma tu. Sasa chukua mkalimani mwerevu anayegundua kuwa sala fulani inarudi kila mara, akachomoa daftari, akaiandika, na tangu hapo akawa anaisoma bila kufikiri. Huyo ndiye ufasiri wa papo hapo. Ni akili njema kabisa. Lakini wakati anaandika, waumini wanamsubiri, na daftari nalo linagharimu. Sala ikiwa itasemwa mara mbili tu, amepoteza wino.

Nilinyoosha mkono nikauliza: umepima kazi gani? Akajibu kuwa ni mzunguko wa kujumlisha namba, mamilioni ya mara. Na raundi za kwanza? “Tumeziondoa, mzee. Mtambo ulikuwa bado unapasha misuli.”

Nimesahihisha mitihani zaidi ya miaka thelathini. Sijapata kumwona mwanachuo akiniambia nifute karatasi zake tatu za kwanza kwa sababu alikuwa anapasha misuli. Angalau mkimbiaji hupasha misuli kabla ya filimbi, na hapo sina neno: kompyuta inayohudumia benki usiku na mchana bila kuzimwa, dakika zake za kwanza si kitu, na kuziondoa ni halali. Lakini programu ya shule huamka, hufanya kazi sekunde chache, hulala. Kwa programu ya namna hiyo kupasha misuli ndiyo mbio yenyewe.

Isitoshe, hao wanaodai misuli imeshapata moto wamejuaje? Mwaka 2017 Edd Barrett, Laurence Tratt na wenzao walichapisha uchunguzi wa mitambo ya aina hii. Waliirudia majaribio yaleyale madogo maelfu ya mara, wakakuta kuwa mara nyingi mtambo haufikii ile kasi tulivu ya kilele tunayohubiriwa. Mingine ilianza kwa kasi ikaishia kupungua. Miaka minane kabla yao, mwaka 2009, Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kuwa hata mambo yasiyohusiana kabisa na programu, kama vile wingi wa maneno ya mazingira yaliyohifadhiwa na mfumo wa kompyuta, yanaweza kuyapindua matokeo ya kipimo bila mpimaji kutambua. Huo ndio ulimwengu ambamo kijana wetu alichora nguzo mbili bila kutaja hata aina ya kompyuta aliyotumia.

Waungwana hawapimi hivyo. Watengenezaji wa Python wenyewe, walipotoa toleo la 3.14 Oktoba 2025, waliandika wazi kuwa ufasiri wao wa papo hapo ungali wa majaribio, na kwamba kulingana na kazi unaweza kupunguza kasi kwa asilimia 10 au kuiongeza kwa asilimia 20. Nambari hizo hazipigiwi makofi na mtu. Mimi nilizivulia kofia.

Baada ya semina nilikaa na mwalimu mmoja kijana, mwanachuo wangu wa zamani, mbele ya kompyuta kongwe ya shule yake. Tulichukua programu yake ya kupanga alama za kidato cha pili tukaiendesha kwa Python ya kawaida, kisha kwa PyPy, ambayo ni Python yenye ufasiri wa papo hapo. Nilishika saa niliyoitumia miaka mingi kwenye UMISSETA. Tulirudia mara ishirini, tukiizima programu kila mara, kama inavyotumika kweli. PyPy ilichelewa kidogo kila mara. Tulipojaribu mzunguko wa mamilioni, PyPy iliiacha nyingine mbali sana, na nilimwambia aliandike hilo pia katika daftari. Kijana wa semina hakusema uongo. Alijibu swali ambalo shule ile haikuuliza.

Wakubwa pia wamewahi kujikwaa hapo. Simu za Android, ambazo leo kila mchimbaji wa Katoro na Nyarugusu anazo mfukoni, zilianza kutumia ufasiri wa papo hapo mwaka 2010. Mwaka 2014, katika toleo la 5, Google waliuacha, wakaamua kila programu ifasiriwe nzima siku ya kuwekwa. Kasi ya kuendesha ilipanda, lakini kuweka programu kukawa kwa kungoja, na tafsiri hizo zikala nafasi katika simu ndogo. Mwaka 2016, katika toleo la 7, waliurudisha: simu ikalimani kwanza, ifasiri papo hapo yanayorudiwa, kisha imalizie tafsiri wakati haitumiki na imechomekwa kwenye chaji.

Imechomekwa kwenye chaji, haitumiki. Ni usiku wa nani huo? Ni wa mtu mwenye umeme kando ya kitanda. Kwenye maduara ya Geita nimewaona vijana wakiacha simu kibandani kwa mwenye sola, wanalipia, na nyingi zinachajiwa zikiwa zimezimwa. Simu iliyozimwa haifasiri kitu. Anayepima kasi ya simu hizo mezani kwake, penye umeme usiku kucha, hapimi simu ya mchimbaji, hata kama ni ya aina moja na imetoka kiwanda kimoja. Wachimbaji wenyewe wanaujua mchezo huu. Mwenye duara akikuletea jiwe alilolichagua kwa mkono wake, linalong'aa, hununui duara. Unaomba uingie uchukue mwenyewe, juu, katikati na chini, upeleke karashani.

Bodi ya ile shule ya kata inakutana mwezi ujao kuamua juu ya michango. Si mjumbe, lakini mwenyekiti amenikubalia dakika kumi. Nitakwenda na yule mwalimu, daftari la vipimo vyote, pamoja na vile vilivyotushinda, na saa yangu. Nimeomba jambo moja tu: kompyuta ya majaribio iwe imezimwa tutakapoingia.