Mwenye shamba aonje wa kwanza



Kuna nchi ambako mtu wa mji, siku ya mapumziko, anapanda gari na kwenda kijijini kwa mkulima wa zabibu. Anafika, anapewa glasi yenye divai kidogo tu chini, anaitazama, anainusa, anaonja, kisha anaitema ndani ya chombo kilichowekwa hapo. Anauliza: shamba liko upande gani wa kilima? Mwaka huu mvua ilinyesha namna gani? Anaonja ya pili, ya tatu, ya ine. Kwa ile kazi analipa feza. Mwisho ananunua chupa mbili ao tatu na anaendelea kwa jirani.

Wengine watacheka: mtu analipa ili ateme? Ndiyo, analipa. Na mimi nasema siye wakulima wa kahawa wa Kivu tunapaswa kuangalia ile safari ya divai kwa macho ya biashara, juu ndani yake mna mambo matatu ambayo yanatukosa. Sisemi tupande mizabibu. Nasema tujifunze namna wale wakulima walivyofanya ili mnunuzi atembee mpaka kwao, badala ya wao kukaa barabarani kungoja gari ya mnunuzi.

Barabara moja, wakulima wengi

Tuanze na historia kidogo. Huko Alsace, mashariki ya Ufaransa, mwaka 1953 walifungua barabara ya divai. Haikuwa barabara mpya ya lami. Walichukua njia zilizokuwako, zinazopita katika vijiji vya wakulima wa zabibu kwa urefu wa kilometa karibu 170, kutoka Marlenheim mpaka Thann, wakaiita kwa jina moja na kuweka alama. Msafiri anafuata alama, na kila kijiji kinamfungulia mlango. Mpaka leo inafanya kazi.

Afrika ya Kusini walifanya hivyo pia. Mwaka 1971, karibu na mji wa Stellenbosch, wakulima watatu, Frans Malan, Spatz Sperling na Neil Joubert, walianzisha njia ya divai ya kwanza ya inchi yao. Malan alikuwa ameona mfano wake Ufaransa. Muangalie vizuri: wale watatu walikuwa washindani. Kila mmoja alikuwa na divai yake na jina lake. Lakini walielewa kwamba mgeni hatatoka mbali kwa ajili ya shamba moja. Atatoka kwa ajili ya njia yenye mashamba mengi. Mgeni akija kwa jirani yangu, kesho atakuja kwangu.

Kwetu iko namna gani? Koperative moja inaficha kwa koperative ingine jina la mnunuzi wake. Steshoni moja ya kuosha kahawa inafurahi ikisikia ya jirani imekosa feza ya kulipa wakulima. Halafu mnunuzi anakuta kila mmoja peke yake, na bei anaitaja yeye.

Jina la mahali linalindwa na wenyewe

Jambo la pili ni jina. Chupa ya divai inaandikwa mahali ilipotoka, na lile jina njo linaleta bei. Lakini lile jina halikuanguka toka mbinguni. Wakulima walilipigania, na wengine walikufa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, kusini mwa Ufaransa, bei ya divai ilianguka sana. Divai ilikuwa nyingi sokoni, na kati yake mlikuwa na ya uongo: wafanyabiashara walitia maji, walitia sukari, wakauza kwa jina la divai. Mkulima wa kweli akabaki na mapipa yaliyojaa bila mnunuzi. Tarehe 9 Juni 1907, watu zaidi ya nusu milioni walikusanyika katika mji wa Montpellier kudai haki. Serikali ilituma waaskari, na huko Narbonne watu waliuawa. Mwisho wa mwezi ule ule sheria ilipitishwa ya kuzuia divai ya uongo.

Kabla ya fujo ile, katika kijiji cha Maraussan, wakulima wadogo walikuwa wamekwisha kuchagua njia yao. Mwaka 1901 walijiunga wakaanzisha koperative ya divai. Waliuza moja kwa moja kwa koperative za wafanyakazi wa Paris, bila kupitisha divai yao kwa wachuuzi wa katikati. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu kama siye, wenye kipande kidogo cha udongo na deni dukani.

Sasa tujiulize. Siye tunapochanganya kahawa nyekundu na ya kijani ndani ya mfuko mmoja, juu ya haraka ya makuta, tunamudanganya nani? Tunapovusha kahawa usiku kwa mtumbwi, ikaenda kuuzwa ng'ambo kwa jina la inchi ingine, jina la Kivu linabaki wapi? Najua sababu. Nyumbani mtoto anafukuzwa masomo, mnunuzi wa usiku analipa cash, na koperative inasema "ngoja". Njaa haijui jina la mahali. Lakini kila mfuko unaopita vile unapunguza jina ambalo lingetuletea bei. Na komite zinazochelewesha malipo zijue kwamba zenyewe njo zinapakia ule mtumbwi.

Kuonja ni kazi, si starehe

Jambo la tatu njo kubwa kwangu. Mkulima wa zabibu anaonja kazi yake. Anaijua divai ya upande wa kilima unaopata jua la asubuhi, na ile ya bondeni. Mgeni akiuliza, anajibu. Mnunuzi akisema "hii ni mbaya", naye anaweza kusema "tuonje pamoja, unionyeshe ubaya uko wapi."

Siye je? Wanamemba wangapi wa koperative zetu wamekwisha kunywa kahawa ya shamba lao wenyewe, iliyokaangwa vizuri? Tunalima miaka makumi mbili, tunakunywa chai. Kahawa yetu inaonjwa na watu wa mbali, wanaipa alama kwa 100, wanasema ikifikisha 80 iko ya daraja la juu, kisha wanatuambia bei. Mtu anayeuza kitu asichojua ladha yake ni kama mtu anayeuza mbuzi gizani: mnunuzi peke yake njo ana tochi.

Kuna ugonjwa mmoja wa kahawa unaoonyesha vizuri jambo hili. Ni ile ladha ya kiazi. Inajulikana katika kahawa ya Rwanda, Burundi na kwetu Kivu, na inafungamana na mdudu antestia anayetoboa tunda. Punje yenye ile ladha huwezi kuitambua kwa macho peke yake. Ikisagwa na kutiwa maji ya moto, unasikia harufu ya kiazi kibichi. Punje moja inaharibu kikombe chote. Mnunuzi akiikuta, anashusha bei ya mzigo mzima, wakati mkulima hajui hata wanazungumza nini. Yule aliyeionja mara moja hatasahau, na atarudi shambani kukata matawi na kutafuta yule mdudu kwa bidii kuliko mtu aliyesikia masomo mara kumi.

Kuonja kahawa hakuombi mashine ya bei kali. Kahawa inakaangwa, inasagwa, unapima gramu 8 na kidogo kwa mililita 150 za maji yaliyochemka na kupoa kidogo. Unangoja dakika 4. Unavunja ukoko wa juu kwa kijiko na kunusa. Ikipoa, unachota kwa kijiko, unavuta kwa nguvu mpaka isikike, kisha unatema kama wale wa divai. Wanaojua kazi wanatayarisha vikombe 5 vya mzigo mmoja, juu kikombe kimoja kinaweza kuwa na kiazi na vingine vinne vikawa safi.

Na hapa nasema waziwazi: wamama waonje. Wao njo wanachambua kahawa juu ya meza kutwa nzima, mikono yao njo inaamua mfuko utakuwa wa daraja gani. Siku ya kuonja wasiwe wa kupika chakula cha wageni tu.

Upande mubaya wa ile safari

Nisipake mafuta. Safari ya divai ina kivuli chake. Katika mashamba ya zabibu ya Cape, kwa muda mrefu wafanyakazi walilipwa sehemu ya mshahara kwa divai. Mtu anafanya kazi kutwa, jioni anapewa kikombe badala ya feza. Sheria ilikataza desturi ile, lakini ilichelewa kuisha, na ilama yake ingaliko: sehemu zile zina watoto wengi sana waliozaliwa na kasoro za mwili na akili juu mama zao walikunywa pombe wakati wa mimba. Mgeni anayefika kuonja anaona milima mizuri na nyumba nyeupe. Yule aliyechuma zabibu hakumuona. Ni katika miaka ya 1990 njo mashamba fulani yalianza kuwapa wafanyakazi hisa ao kipande cha udongo.

Siye tunajua kasiksi na tunajua lutuku. Tunajua nyumba ambazo feza ya mavuno inaishia kwenye shopo. Kwa hiyo, wageni wakija siku moja kuonja kitu chetu, tusisahau masomo mawili: kuonja si kulewa, na feza ya mgeni lazima imufikie yule aliyebeba kikapu.

Tusitazame Ulaya tu

Wafanyabiashara wetu wanaoenda Dar es Salaam kwa barabara wanapita Dodoma, katikati ya Tanzania. Wengi hawajui kwamba wanapita katika inchi ya divai, ao mvinyo kama wanavyosema kule. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu pale Bihawana miaka ya 1950, na leo wakulima wadogo wa Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho Ulaya hakiko. Makutupora kuna kituo cha uchunguzi wa kilimo cha zabibu, Hombolo kuna kiwanda cha CETAWICO. Ukipita pale, shuka, uliza, onja. Ongea na mkulima.

Atakuambia jambo utakalolielewa upesi. Zabibu ikivunwa haingoji. Kiwanda kikikataa kununua, inaoza. Kwa hiyo mwenye kiwanda njo ana nguvu ya bei. Si ni sawa na kahawa yetu nyekundu, inayopaswa kumenywa siku ile ile? Mkulima asiye na mahali pake pa kutengenezea, na asiye na mnunuzi mwingine wa kumuita, atabaki mikononi mwa yule mmoja. Tofauti yetu ni kwamba koperative nyingi za Kivu zina steshoni zake. Hiyo ni hatua kubwa, tusiichezee.

"Mgeni atatoka wapi?"

Nasikia jibu lenu: "Bwana, barabara ni matope, vita haiishi, mgeni atatoka wapi?" Swali ni la haki. Mimi sitawaambia kwamba kesho watalii watajaa. Barabara ya divai ya Alsace yenyewe ilifunguliwa miaka minane baada ya vita kubwa, na katika vita ile vijiji vingi vyao vilibomolewa. Hawakungoja kila ukuta ujengwe.

Lakini mgeni wa kwanza si mzungu. Mgeni wa kwanza ni wewe mwanamemba. Wa pili ni mtu wa Bukavu ao Goma anayekunywa kahawa ya unga ya kopo kutoka nje, wakati yetu inapita mbele ya mlango wake ikienda ng'ambo. Akija ao tukimpelekea, akionja, akauliza jina la kilima, tumeanza. Kazi hii haingoji ndege.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yaingie katika mkutano mkuu unaokuja. Kwanza, kila steshoni iwe na siku moja ya kuonja kwa kila mwezi wa mavuno, wakulima wa kila kilima wakialikwa kwa zamu, wamama na wababa. Pili, mizigo iandikwe ndani ya buku kwa kilima na tarehe, na isichanganywe kabla ya kuonjwa, ili tukisema "hii ni nzuri" tujue imetoka kwa nani. Tatu, komite iandike ukutani, kwa maandishi makubwa, mgeni analipa ngapi na ile feza inagawanywa namna gani: ngapi kwa steshoni, ngapi kwa wakulima, ngapi kwa wanaochambua. Ikiandikwa kabla ya mgeni kufika, hakutakuwa ugomvi akiondoka.

Na koperative jirani ziitwe kuja kuonja pia. Washindani watatu wa Stellenbosch waliweza kukaa meza moja. Siye tunaotumia ziwa moja na barabara moja tunashindwa nini?