Kabati la Zamani: Tulitengeneze ao Tununue Jipya?



Likizo kubwa ikifika, vyombo vinatolewa inje na nyumba zinasafishwa. Hapo mabishano yanaanza juu ya kabati. Mama anasema: "Hii ni ya zamani, lakini iko nguvu." Sisi vijana tunajibu: "Mama, hii ni haya mbele ya wageni, tununue ya mupya!" Mimi ninasimama upande wa mama, na sababu ninazo tatu.

Ya kwanza ni mbao yenyewe. Makabati mengi ya wazee wetu ni ya libuyu ao ya miti mingine migumu ya pori, toka upande wa Walikale na Ituri. Mti wa namna ile unakomaa kwa miaka mingi sana. Leo mbao nyingi za bei ndogo ni za mikaratusi. Huo ni mti mzuri, hata chukudu zetu zinatoka humo, lakini unakua mbio, na mbao yake isipokaushwa vizuri inajikunja na kupasuka. Tena kuna makabati ya unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi. Dukani yanang'aa, lakini maji yakiingia yanavimba, na skrubu ikilegea haishiki tena.

Ya pili ni feza. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, lakini sisi wa sekondari tunalipa. Mwanzo wa 2025 benki za Goma zilifungwa, na wazazi walihangaika kupata hata feza yao wenyewe. Vanishi, msasa na bawaba mbili havifiki bei ya kabati jipya. Kinachobaki kinasaidia minervali. Mwanafunzi anayemsukuma baba yake anunue kabati la kuonyesha wageni, asishangae siku atakaporudishwa nyumbani.

Ya tatu ni pori. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa 1925, na miti yake inaendelea kukatwa kwa ajili ya makala. Tusiongeze mzigo juu ya pori kwa kutaka mbao mpya tusizozihitaji.

Wengine watauliza: na maseremala watakula nini? Ninajibu: kutengeneza pia ni kazi. Kumlipa seremala abadilishe mguu ao mlango ni feza inayobaki mtaani mwetu.

Lakini si kila cha kale ni zahabu. Tuchunguze kwanza. Chomeka kisu katika miguu na mgongo wa kabati: kikizama kama katika muhogo uliopikwa, mbao imeoza. Ukiona matundu madogo na unga mpya chini yake, wadudu wako kazini. Kama umbo zima limekufa, basi, lingine litafutwe, na mbao zilizo nzima zifanywe etajeri ya vitabu. Zile zenye rangi tusizitie mu mbabula, moshi wake ni sumu.

Na mlango ukikataa kufunga, usihukumu haraka. Nyumba zetu zinasimama juu ya mawe ya lava, na sakafu nyingi haziko sawa. Weka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, kisha jaribu tena. Mara nyingi kabati halina kosa.

Kazi yenyewe si ngumu. Ondoa milango, osha kwa sabuni, acha ikauke kabisa. Sugua kwa msasa ukifuata mistari ya mbao, panguza vumbi, kisha pakaa vanishi nyembamba mara mbili ao tatu, ukingoja kila mara ikauke. Fanya hivyo mbali na moto, na mbali na barabara, maana vumbi letu jeusi linapenda vanishi mbichi. Kama kuna rangi ya zamani sana, inaweza kuwa na madini ya risasi: lowesha kwanza kabla ya kusugua, funika pua, na watoto wakae mbali.

Ndugu na dada, mama hakosi akili ya kulinda kabati lake. Anakosa mikono ya kumsaidia. Mikono hiyo tunayo. Likizo hii tusimpelekee maneno, tumpelekee msasa.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho