Pwani ya Unguja Ina Wenyewe

Tangu niliporudi kutoka Unguja likizo iliyopita ya Julai, wenzangu wengi hapa Bukirasazi huniuliza habari za kisiwa kile. Wengine wadhani pwani ni mahali pa kulala mchangani tu. Mimi nami nilidhani hivyo, nikakosea.

Kwanza hali ya hewa. Huku kwetu Julai ni kiangazi kikavu. Kule ni kipupwe, na upepo wa kusi huvuma. Wenyeji husema kuna baridi, na sisi watu wa milimani twatoka jasho! Chukua nguo nyepesi lakini za heshima, kwa kuwa karibu watu wote ni Waislamu, nao hawapendi mgeni apite mjini nusu uchi.

Jambo kubwa ni bahari. Ziwa letu la Tanganyika hukaa mahali pake. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake huchelewa kama dakika 50. Nilipofika Paje, upande wa mashariki, maji yalikuwa yamepwa mbali sana. Nikaenda nikitembea kwa furaha. Mara mama mmoja akaniita:

"Mwanangu, unakanyaga shamba langu!"

Nikatazama chini nikaona vijiti, na kamba zilizofungwa mwani. Kamba moja nilikuwa nimekwisha kuikata kwa mguu. Nilishikwa na aibu, nikaomba radhi, nikamsaidia kuifunga tena.

Kilimo hicho cha mwani kilianza pande zile mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani hukaushwa na kuuzwa ng'ambo, ukatumika katika dawa ya meno na vipodozi. Mama yule husomeshea watoto wake kwa kamba zile.

Ndugu zangu, ni nani hapa kwetu awezaye kupita katikati ya maharagwe ya jirani, akasema anapunga hewa? Picha za hoteli huonyesha mchanga mtupu, kana kwamba hauna wenyewe. Naona picha hizo zatudanganya.

Basi atakayekwenda na aulize kwanza mambo mawili: maji yatapwa saa ngapi, na shamba hili ni la nani? Akiuliza hivyo atakaribishwa vema, wala hatarudi na aibu kama yangu.