Picha za Bwawani Zimetosha, Watoto wa Kilosa Wafundishwe Kuogelea

Kila sikukuu mambo ni yale yale. Staa wa Bongo kaenda Mikumi, kapiga picha na twiga, jioni yuko kwenye bwawa la hoteli, miwani nyeusi, juisi pembeni. Mashabiki wanamwaga makopa. Ila ukiitazama picha vizuri, mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo na maji yanamfika kiunoni tu. Upande wa kina kirefu hasogei ng'o! Wengi wao hawajui kuogelea, na wala si wa kuchekwa, kwani nani aliwafundisha? Shuleni walikimbia na magunia, wakacheza mpira na rede, basi.

Kicheko kiishie hapo, maana Mikumi hiyo hiyo iko wilaya ya Kilosa, na Kilosa maji si ya kupigia picha. Desemba 2009 kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaharibu Reli ya Kati, maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameonywa mara ngapi asiende mtoni? Hazihesabiki. Amefundishwa mara ngapi afanye nini akitumbukia?

Wazazi wana lao: mtoto akijua kuogelea ndiyo atahamia mtoni kabisa. Hofu hiyo ina maana, na mtoni kuna kichocho pia. Lakini watoto si wanaenda tayari? Wakitoka shule nguo zinafichwa kichakani, wakirudi wanajipaka mafuta wasionekane wamepauka. Mama anamkwaruza mguu kwa ukucha, mstari ukitokea mweupe, fimbo. Fimbo hizo zimechapwa tangu enzi za bibi, na mtoni bado kumejaa.

Isemwe tu ukweli, Mkondoa ukifurika hakuna wa kushindana nao, hata bingwa wa Olimpiki. Somo la shule halimfundishi mtoto ubingwa. Linamfundisha kuelea chali bila kutapatapa, kurudi hadi ukingoni, na kuyajua maji ya kutoyaingia. Mwenzake akizama asimrukie, amtupie dumu tupu lenye kifuniko. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa shule, kuanzia miaka 6, wafundishwe haya. Uingereza mtoto anatakiwa aweze kuogelea mita 25 kabla hajamaliza shule ya msingi. Na asiseme mtu hayo ni ya Wazungu: kule Nungwi, Zanzibar, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayowasitiri mwili mzima, wengine wakawa walimu wenyewe.

Swali la bwawa ndilo gumu. Shule inayohangaikia madawati haiwezi kuambiwa ichimbe bwawa, huo utakuwa uchokozi. Ila mabwawa ya hoteli Mikumi yapo, na katikati ya wiki msimu wa wageni ukipungua yanaogelewa na majani ya miti. Halmashauri ikae na wenye hoteli. Darasa la nne waende kwa makundi madogo asubuhi, na mwalimu aliyefunzwa na mwokoaji wa kuwaangalia. Linalobaki ni nauli, na hapo mastaa wanaweza kusaidia bila kuumia.

Safari ijayo, staa akishamaliza picha na twiga, amuulize meneja bwawa linakaa tupu siku gani. Halafu aingie na watoto wa darasa la nne, mwalimu amwambie na yeye auachie ule ukingo.