Mwagia Maji Kwanza
Baadhi ya watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, karibu na Lamadi, huja na Land Cruiser za kukodi zenye hema juu ya paa, na mkodishaji huapa kwamba zilizo mpya hazivuji. Upya haunishawishi. Maji hayatoboi bati. Hupenya kwenye maungio, tundu za skrubu na raba iliyokaushwa na jua. Barabara ya Bariadi hadi Lamadi ni ya lami, lakini ndani ya hifadhi makorogesheni, yale mawimbi ya barabara za vumbi, hulegeza kila kiungo. Hata karavani (nyumba za kuvutwa na gari) za Uingereza, ambako lami imetapakaa, huoza mbao ndani ya kuta huku mwenyewe hana habari. Kabla hujalipa, mwagia paa ndoo kadhaa za maji, subiri, kisha pitisha mkono chini ya godoro.