Kabla ya kumfukuza mwanafunzi, asikilizwe kwanza

Kila mara mitihani inapomalizika katika vyuo vyetu vikuu, kuna karatasi inayobandikwa kwenye valve, karibu na mlango wa apariteri. Ina jina, promosheni na mstari mmoja tu: mwanafunzi huyu amefukuzwa kwa udanganyifu. Mara nyingi mwenyewe anaisoma palepale, katikati ya wenzake. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemuuliza kitu. Mama yake aliyeuza makala au samaki sokoni ili kulipa minervali atapata habari jioni.

Hatusemi kwamba wanafunzi ni malaika. Wapo wanaoingia katika mtihani na simu ndani ya soksi. Wapo wanaonunua kazi ya mwisho wa masomo ikiwa tayari imeandikwa. Wapo wanaotishia walimu na kupiga walinzi. Adhabu lazima iwepo. Lakini ni nani anayeitoa, na ni nani aliyemfundisha namna ya kuitoa?

Asistenti wa kemia alisomea kemia. Doyeni wa uchumi alisomea uchumi. Siku moja wanaambiwa waketi katika baraza la nidhamu, waamue kama kijana atapoteza mwaka wake au masomo yake yote. Hawajapata hata saa moja ya mafunzo kuhusu kazi hiyo. Apariteri anayeandika ripoti, na msimamizi wa chumba cha mtihani anayekamata simu, nao ni vilevile. Kila mmoja anafanya kama alivyoona wakubwa wake wakifanya.

Tuchukue jambo la simu, kwa sababu ndilo linaloleta kelele nyingi. Simu imelia ndani ya mfuko wa mwanafunzi. Je, kuwa nayo ni kosa sawa na kuitumia kunakili majibu? Ilikamatwa saa ngapi, mbele ya nani? Je, mwanafunzi alitia sahihi kwenye peve, au alikataa, na sababu yake iliandikwa? Karatasi yake ya majibu imewekwa wapi? Mtu aliyefundishwa atauliza maswali hayo siku ileile. Asiyefundishwa atapasua karatasi, atampokonya mwanafunzi simu, na wiki mbili baadaye mbele ya baraza litabaki neno la mwalimu dhidi ya neno la mwanafunzi. Tunajua neno la nani linashinda.

Tena, mara nyingi mwalimu anayeshitaki ndiye anayeketi mezani kuamua. Katika kijiji chochote cha Kivu, mzee mwenye ugomvi wa shamba hawezi kuwa mwamuzi wa shamba hilo hilo. Chuoni tunaliona jambo hilo kuwa la kawaida.

Hatari ni kubwa zaidi kwa wasichana. Tuseme msichana amekataa maombi ya mwalimu, kisha mwalimu huyo anamshitaki kwamba amenakili. Atamwambia nani, ikiwa anayepokea malalamiko ni rafiki wa mwalimu? Na akisema, mara nyingi anaombwa wamalize mambo kwa masikilizano, ndani ya ofisi. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu unyanyasaji wa kingono kama kosa la jinai. Wafanyakazi wa chuo wanapaswa kujua ni kesi gani zinabaki kwenye baraza la nidhamu na ni zipi zinazopaswa kufika parke. Kuchanganya hizo mbili kunamlinda mkosaji.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 19, inahakikisha haki ya kujitetea. Kifungu cha 17 kinasema hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Ni kweli, vifungu hivyo vinahusu zaidi mambo ya jinai. Lakini kama mwizi wa kuku anapewa nafasi ya kujieleza mbele ya korti, tutaelezaje kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapewi?

Nchi yetu ina historia mbaya ya kuadhibu wote kwa pamoja. Mwaka 1971, baada ya wanafunzi wa Lovanium kuwakumbuka wenzao waliouawa tarehe 4 Juni 1969, utawala wa Mobutu ulifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Januari 2020, baada ya fujo kuhusu ada katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, masomo yalisimamishwa na waliokaa kwenye homu wakaamriwa kuhama, aliyerusha jiwe pamoja na aliyekuwa amelala.

Wakubwa wa vyuo watatuambia kwamba pesa hazipo. Tunaelewa: kuna walimu wanaofundisha miaka mingi bila mshahara wa serikali, na kuwaongezea kazi si jambo dogo. Ila mafunzo haya hayahitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Vyuo vingi vina kitivo cha sheria, na miji yetu ina mawakili. Siku mbili kabla ya sesheni zinatosha kuanza: namna ya kuandika peve, namna ya kumpa mwanafunzi mashitaka kwa maandishi na siku za kujitayarisha, namna ya kumsikiliza bila kumtukana, namna ya kupima adhabu kulingana na kosa, na mlango wa kukata rufaa.

Wengine wanaogopa kwamba mwalimu atapoteza heshima. Tunaona kinyume. Peve iliyoandikwa vizuri inamlinda pia mwalimu mwaminifu, yule anayesingiziwa kwamba aliomba dola hamsini ili kufunika kosa.

Hata kabla ya mafunzo, kila rekta anaweza kuamua jambo moja wiki hii: jina lolote lisibandikwe kwenye valve kabla mwenye jina hajasikilizwa, na kabla maneno yake hayajaandikwa.